Kabla ya Kununua Injini Kubwa: Namna ya Kurejesha Mwendo wa Boti Ndogo

Katika fukwe za Kinondoni, kuanzia Msasani na Kawe hadi Kunduchi, Ununio na Mbweni, boti ndogo za fiba zenye injini ya nje ni mali inayotegemewa na kaya nyingi. Zipo zinazopeleka wageni visiwani, zipo zinazovua, na zipo za familia zinazotumika mwisho wa wiki. Malalamiko ya wenye boti hizo hufanana: boti iliponunuliwa ilikuwa nyepesi na yenye kasi, miezi kadhaa baadaye imekuwa nzito, inakula petroli, na safari iliyokuwa fupi imerefuka. Ushauri anaopewa mwenye boti ufukweni mara nyingi huwa mmoja tu, kwamba anunue injini yenye nguvu zaidi.

Ushauri huo hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi hautibu ugonjwa wenyewe. Injini kubwa ikifungwa kwenye boti yenye tumbo chafu na propela iliyopinda itaongeza matumizi ya petroli, itauelemea ukuta wa nyuma unaobeba injini, na huenda ikarudisha sehemu ndogo tu ya mwendo uliopotea. Katika makala haya tunaeleza mambo ambayo mwenye boti anapaswa kuyachunguza kwanza, kwa kufuata utaratibu wa kuanzia na lisilo na gharama kubwa. Tunaeleza pia haki zake anaponunua vipuri au anapomkabidhi fundi injini yake.

Kasi hupotelea wapi

Boti ndogo ina hali mbili za mwendo. Inapokwenda polepole, tumbo lake huzama na kusukuma maji pembeni, kama jahazi lifanyavyo. Injini inapoongezewa nguvu, omo huinuka, kisha boti yote hupanda na kuteleza juu ya maji. Kupanda huko ndiko kunakoleta kasi, kwa sababu eneo la tumbo linaloguswa na maji hupungua. Boti iliyoshindwa kupanda hubaki imeinua omo na kuzamisha tezi, huku ikivuta wimbi kubwa nyuma yake. Hapo ndipo petroli huungua kwa wingi bila faida.

Tuchukue mfano wa hesabu. Injini ya petroli yenye nguvu farasi 40, ikiendeshwa kwa nguvu zake zote, hutumia takribani lita 15 kwa saa. Boti inayokwenda kilomita 30 kwa saa itamaliza safari ya kilomita 30 kwa lita hizo 15. Boti hiyohiyo ikishuka hadi kilomita 20 kwa saa, huku mkono wa injini ukiwa palepale, itahitaji saa moja na nusu na lita 22 na nusu. Tofauti hiyo ya lita saba na nusu hulipwa kila safari, na mwenye boti anayesafirisha abiria huilipa kila siku.

Sababu za kupotea kwa mwendo huwa nne: uzito uliozidi, tumbo lililochafuka, propela iliyoharibika au isiyolingana na boti, na injini iliyopungukiwa na nguvu. Tumezipanga hivyo kwa makusudi. Zile za mwanzo hugharimu jasho zaidi kuliko fedha, na mwenye boti anaweza kuzishughulikia bila kumwita fundi.

Pima kwanza, tibu baadaye

Asiyepima hubahatisha. Simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha kasi kwa msaada wa setilaiti, na kifaa hicho kinatosha. Chagua asubuhi tulivu kabla upepo haujapanda. Weka mafuta kiasi unachokikumbuka, panda na idadi ileile ya watu kila unapopima, kisha endesha kwa nguvu zote kwa muda mfupi katika eneo la wazi lisilo na waogeleaji wala nyavu. Geuka, urudi kwa njia ileile. Ukipata kilomita 28 kwa saa wakati wa kwenda na 24 wakati wa kurudi, mwendo wako halisi ni wastani wa hizo mbili, yaani 26; tofauti imesababishwa na mkondo na upepo.

Kama boti ina kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika, andika pia mizunguko hiyo na uilinganishe na ile iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji. Ulinganisho huo hueleza mengi. Injini ikifika mizunguko yake lakini boti haiendi, au ikipita kiwango kilichowekwa, nguvu zinapotelea kwenye propela. Injini ikishindwa kufika mizunguko yake, ama imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, ama propela ni kubwa mno, ama injini yenyewe ni dhaifu. Andika matokeo katika daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo litakuwa shahidi wako siku fundi atakapokuambia kwamba kazi imekamilika.

Uzito na maji ya ngama

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Ndoo kumi za lita 20 zikikusanyika ngamani ni zaidi ya kilo 200, uzito unaokaribia wa watu wazima watatu ambao hawakulipa nauli. Maji hayo ni mabaya kuliko abiria, kwa kuwa hayatulii: boti ikipanda wimbi hukimbilia tezi, na ikikata kona hukimbilia ubavuni.

Ivute boti ufukweni, inyanyue omo, fungua kizibo cha kutolea maji na usubiri. Maji yakiendelea kuchuruzika kwa saa nyingi, yapo yaliyojificha chini ya sakafu. Boti nyingi za fiba zimejazwa povu gumu au mbao ndani ya sakafu, na nyufa ndogo huruhusu maji kupenya humo taratibu. Gonga sakafu na ukuta wa nyuma kwa mpini wa nyundo: mahali palipo pazima hutoa mlio mkali, na palipooza hutoa mlio mzito. Ukuta wa nyuma ukiwa umeoza, usiendelee kuitumia boti hadi utakapotengenezwa, kwa sababu huo ndio unaobeba injini.

Kagua pia vitu vilivyojilimbikiza: madumu, kamba zilizochakaa, nanga ya pili, visanduku vya barafu. Vinavyobaki vipangwe katikati, visirundikwe nyuma karibu na injini. Hata hivyo, hatumshauri mtu yeyote kupunguza uzito kwa kuacha nchi kavu jaketi okozi, nanga, kasia, kizima moto au chombo cha kukumbia maji. Hivyo si mzigo. Ni sehemu ya chombo.

Tumbo la boti

Manahodha wa majahazi ya pwani yetu walilijua jambo hili tangu zamani. Walikivuta chombo ufukweni, wakakwangua tumbo lake na kulipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, ili kuwazuia wadudu na viumbe wa baharini. Vyombo vya fiba haviliwi na wadudu wa mbao, lakini haviepuki ute, mwani na viumbe wadogo wenye magamba wanaogandamana na tumbo. Katika maji yetu yenye joto, boti inayolala majini huweza kuota ukoko ndani ya wiki chache. Ukoko huo huvunja mtelezo wa maji na kuizuia boti kupanda.

Siku nzuri za kazi hii ni za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Boti ikifikishwa juu wakati wa kujaa, hubaki kavu maji yanapopwa, na mwenye boti hupata saa kadhaa za kufanya kazi kabla bahari haijarudi. Tumia kikwanguo cha mbao au cha plastiki. Cha chuma huchubua ngozi ya juu ya fiba na kufungua njia ya maji. Osha kwa maji mengi, kisha tazama kwa makini theluthi ya nyuma ya tumbo. Kiraka kilichowekwa vibaya mahali hapo, hata kikiwa kidogo, hutengeneza mapovu yanayoingia kwenye propela na kuifanya ishike hewa badala ya maji.

Anayetumia rangi ya kuzuia viumbe wa baharini azingatie mambo matatu. Kwanza, rangi hiyo ina sumu; vaa glavu na barakoa, na masalio ya kukwangua yakusanywe, yasiachwe yachukuliwe na maji. Bahari iliyo mbele yetu ina visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo maji yake yamehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1975. Pili, rangi yenye shaba isipakwe kwenye mguu wa injini, kwa kuwa shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Tatu, vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu wa injini visipakwe rangi yoyote. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya injini. Vikipungua nusu, vibadilishwe.

Propela na kimo cha injini

Propela ni kipuri kidogo kinachosahaulika. Kwenye kitovu chake kwa kawaida huandikwa namba mbili, kipenyo na mwendo. Namba ya mwendo hueleza umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, kama skurubu ipitavyo kwenye mbao. Mwendo mkubwa huifaa boti nyepesi. Mwendo mdogo huifaa boti inayobeba mzigo. Boti iliyouzwa na propela ya matembezi, kisha ikaanza kubeba abiria wanane na mizigo yao, itaelemewa hata kama injini ni mpya. Kubadilisha propela kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha injini.

Pitisha kidole kwenye kingo za propela, injini ikiwa imezimwa na waya za plagi zimechomolewa. Kingo zilizopinda au kumeguka kwa kugonga mwamba na mchanga hupunguza mwendo na kuleta mtetemo unaoharibu beringi. Kama injini hulia kwa nguvu ghafla bila boti kwenda mbele, mpira wa ndani ya kitovu huenda umeteleza. Kisha fungua propela na utazame nyuma yake. Mshipi wa kuvulia uliojizungusha hapo hukata sili, maji yakaingia kwenye oili ya gia. Oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, usisubiri safari nyingine.

Kimo cha injini nacho kina hesabu yake. Bamba pana lililo juu kidogo ya propela linapaswa kuwa karibu usawa mmoja na sehemu ya chini ya tumbo la boti. Injini ikikaa chini mno, mguu wake huburuta maji; ikikaa juu mno, propela hufyonza hewa hasa wakati wa kukata kona. Mwinamo pia una nafasi yake: wakati wa kuanza, mguu wa injini uwe karibu na boti ili kuisaidia kupanda, boti ikishapanda, mguu usogezwe nje kidogo hadi omo litulie bila kurukaruka.

Injini: maji, petroli na oili

Injini ya nje hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu yenye mapezi ya mpira. Mchanga wa ufukweni huyasaga mapezi hayo. Kila unapowasha injini, tazama maji yanayochirizika ubavuni mwake. Yakidhoofika au yakiwa ya moto mno, zima injini na utafute sababu. Mapezi yabadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu, hata kama yanaonekana mazima. Baada ya kila safari ya baharini, injini ioshwe ndani kwa maji baridi kwa dakika tano hadi kumi, kwa mpira wa maji au ndani ya pipa. Chumvi inayobaki ndani hukauka, huziba mapito ya maji, na injini inayochemka hupoteza nguvu kabla haijakwama kabisa.

Kwa injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kiwango cha kawaida katika injini nyingi ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Kwa dumu la lita 20 ni mililita 400. Tumia kipimo, usikadirie kwa kizibo cha chupa. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi huongezeka. Ikipungua, pistoni hukwama. Oili inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa injini za majini zinazopozwa kwa maji, yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa joto la aina nyingine na haichukui nafasi yake.

Kuhusu petroli, neno "kuchakachua" linafahamika kwa kila Mtanzania. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kubaini yaliyochanganywa. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huacha masizi kwenye plagi, hupunguza nguvu, na huweza kuharibu pistoni. Nunua kituoni, dai risiti, na uepuke madumu yasiyojulikana yalikotoka. Ili kubaini maji, mimina petroli kidogo kwenye chupa safi ya kioo na uiache itulie: maji ni mazito zaidi, hivyo hukaa chini. Funga pia chujio linalotenganisha maji na petroli. Madumu na matangi ya kubebeka yajazwe nchi kavu, mbali na moto na sigara, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ngamani.

Kabla ya kufungua kabureta, hakikisha kwamba tundu la hewa la tangi limefunguliwa, mpira wa mafuta haujapinda, na plagi ni safi. Mambo hayo matatu huchukua nusu saa kuyakagua, na mara nyingi ndiyo chanzo cha kile kinachoitwa injini kuchoka.

Unaponunua vipuri au kumwita fundi

Mwenye boti ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Dai makadirio ya maandishi kabla kazi haijaanza, yakionyesha bei ya vipuri na ya ufundi kando kando. Mwambie fundi akurudishie kipuri cha zamani. Kipuri kilichotolewa ndicho ushahidi kwamba kipya kimefungwa. Linganisha namba ya kipuri na ile iliyo kwenye kitabu cha injini. Sili, mapezi ya pampu na plagi bandia huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini hukatika mbali na ufukwe. Chukua risiti ya kielektroniki inayotaja bidhaa kwa jina. Mwisho, usimalize malipo hadi boti ijaribiwe majini na mwendo wake ulinganishwe na ule ulioandikwa katika daftari lako.

Ukiuziwa bidhaa bandia, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Beba risiti, kipuri chenyewe na kifungashio chake. Bila risiti, lalamiko la haki huweza kukosa nguvu.

Anayenunua boti iliyotumika aipime majini kabla ya kulipa, tena ikiwa na mzigo anaokusudia kuubeba. Boti isiyo na mtu mwingine zaidi ya muuzaji huenda kasi. Swali ni itakavyokwenda siku ya Jumapili ikiwa imejaa.

Mwendo na usalama

Udhibiti wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, uliokuwa chini ya SUMATRA, uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, tangu mwaka 2018. Boti ndogo zinazobeba abiria zinapaswa kukaguliwa na kuwa na leseni. Tunamsihi mwenye boti aliyebadilisha injini, au aliyefanya matengenezo makubwa ya tumbo, aombe ukaguzi kabla ya kuirudisha kazini, kwa sababu chombo kilichokaguliwa awali hakiko tena katika hali ileile.

Kasi iliyorejeshwa isiwe sababu ya kuongeza abiria. Idadi iliyoidhinishwa imezingatia uzito na uthabiti wa boti. Katika miezi ya kusi, bahari iliyotulia asubuhi huweza kuchafuka alasiri, na boti iliyojaa ikirudi kutoka Mbudya na injini inayochemka haina nafasi ya makosa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, na umwachie mtu ufukweni taarifa ya unakokwenda na saa ya kurudi.

Ratiba ya kukumbuka

Kila safari: kagua maji ya ngama, kizibo, maji ya kupoza injini na jaketi okozi, ukirudi, osha injini kwa maji baridi.

Kila mwezi: kagua kingo za propela na mshipi nyuma yake, plagi, chujio la petroli na vipande vya zinki.

Kila bamvua inayofaa: vuta boti, kwangua tumbo, gonga sakafu na ukuta wa nyuma.

Kila mwaka, au mapema zaidi kitabu kikielekeza: badilisha oili ya gia na mapezi ya pampu, kisha pima mwendo upya na uandike.

Mwenye boti atakayefuata utaratibu huu kwa ukamilifu, kisha akapima na kukuta mwendo bado ni hafifu, sasa ana sababu ya kuzungumzia injini. Hata hapo, asome kwanza kibao cha mtengenezaji wa boti kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa, au amuulize mkaguzi kama hakipo. Ataingia dukani akiwa na daftari mkononi, na muuzaji atalazimika kujibu namba zake.